Somo Kwanza, Mashine Baadaye: Mwalimu na Mahitaji ya Programu za Kompyuta

Bandari ya Malindi, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mlango ambao kwa miaka mingi umepitisha sehemu kubwa ya bidhaa zinazotumika kisiwani Unguja. Katika miongo ya karibuni, pamoja na mchele, saruji na nguo, zimo pia kompyuta: nyingine mpya, nyingine zilizokwisha kutumika ng'ambo na sasa zinatafutiwa kazi ya pili. Baadhi ya hizo huishia katika skuli za msingi, ama kwa kununuliwa na kamati ya skuli, ama kwa hisani ya wafadhili na jamaa walioko ughaibuni. Siku ya makabidhiano hotuba hutolewa na picha hupigwa. Suala tunalolileta mbele ya walimu wanafunzi ni la siku ya pili yake: mashine zile zitafundishia nini, na je, zina uwezo wa kazi hiyo?

Wengi wetu tumezoea kuuliza swali la idadi: skuli ina kompyuta ngapi? Swali hilo lina maana yake, lakini halimtoshi mwalimu. Chumba kinaweza kuwa na kompyuta ishirini, zote zikawaka taa, na bado isiwezekane kufundisha kipindi kimoja cha dakika 40, kwa sababu programu iliyokusudiwa inakataa kufunguka, au inafunguka wakati kengele inalia. Hapo lawama humwangukia mwalimu, au huwaangukia watoto, wakaambiwa kwamba wameharibu vyombo. Mara nyingi hapana aliyeharibu kitu. Chombo kimetwikwa mzigo usiokuwa wake.

Maoni yetu ni kwamba kusoma mahitaji ya programu ni sehemu ya maandalio ya somo, na ni kazi ya mwalimu wa skuli ya msingi mwenyewe, sawasawa na kukagua ramani, chaki na hali ya madawati. Aidha, tunashikilia kwamba utaratibu wa kuchagua uwe huu: kwanza somo, kisha programu, kisha mfumo wa uendeshaji, na mwisho mashine. Mwalimu anayeanza na mashine hujikuta akitafuta somo la kuipa mashine kazi, na mtoto ndiye anayelipa gharama ya kubahatisha huko.

Mahitaji ni kitu gani?

Watu wa Malindi wanaelewa jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kila chombo cha baharini kina kina chake cha maji. Jahazi hungoja maji yajae, likasogea karibu na ufuo. Meli kubwa ya shehena haithubutu kufika hapo. Nahodha hasubiri kusikia mkuku ukikwaruza mchanga ndipo aulize kina cha bandari. Huuliza kwanza. Programu ya kompyuta nayo hutoka kwa watengenezaji wake ikiwa na orodha ya masharti, nayo ndiyo tunayoiita mahitaji. Kwa kawaida orodha hiyo hutaja mambo manne.

La kwanza ni prosesa, yaani kiungo kinachofanya hesabu zote. Hutajwa kwa kasi yake, na pia kwa upana wa njia zake, biti 32 au biti 64. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Anwani yenye biti 32 haiwezi kuhesabu zaidi ya nafasi 4,294,967,296 za kumbukumbu, ambazo ni gigabaiti 4. Na mifumo mingi ya leo haikubali tena kufungwa katika mashine ya biti 32.

La pili ni kumbukumbu ya kazi, na la tatu ni nafasi ya diski. Walimu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Tuyafananishe na meza na kabati. Diski ni kabati: huhifadhi vitabu vyote, hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ya kazi ni meza: juu yake huwekwa vile tu vinavyotumika sasa, nayo hufutwa mashine inapozimwa. Mwanafunzi mwenye meza ndogo hulazimika kuinuka kila mara kurudisha kitabu kimoja kabatini ili apate kufungua kingine. Kompyuta yenye kumbukumbu haba hufanya vivyo hivyo, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakoifanya ionekane mvivu. Kuongeza kabati hakutapanua meza. Kwa hiyo mwalimu anayeshauri kamati inunue diski kubwa ili mashine iende mbio, wakati pungufu ni kumbukumbu, anaipeleka fedha ya wazazi pasipo faida.

La nne ni mfumo wa uendeshaji. Huu ni mfano wa mwalimu mkuu katika skuli: haufundishi somo lolote, lakini ndio unaogawa vyumba, unaopanga zamu na unaoamua nani aingie. Windows ni mfumo wa namna hiyo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni msingi wa mifumo mingine mingi. Mfumo nao una mahitaji yake, na hapa ndipo penye mtego. Mwalimu husoma kwamba programu inataka megabaiti 512 za kumbukumbu, akaona mashine yake ina gigabaiti 2, akafurahi. Amesahau kwamba mfumo umekwisha kukalia sehemu kubwa ya hizo gigabaiti 2 kabla programu haijabisha hodi.

Tena yapo mahitaji ya chini na yapo mahitaji yanayopendekezwa. Ya chini yana maana kwamba programu itafunguka. Hayana maana kwamba watoto watafanya kazi bila ya kuchoka kusubiri. Kwa darasa, tusome safu ya pili.

Mizigo inavyokua

Tuitazame historia ya mfumo mmoja. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, ilitaka megabaiti 4 za kumbukumbu kwa uchache. Windows XP ya mwaka 2001 ikataka megabaiti 64. Windows 10 ya mwaka 2015 ikataka gigabaiti 1 kwa mashine za biti 32, na gigabaiti 2 kwa zile za biti 64. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, hutaka gigabaiti 4, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, prosesa ya biti 64 yenye viini viwili au zaidi, pamoja na kichipu cha ulinzi kiitwacho TPM toleo la 2.0. Gigabaiti 4 ni megabaiti 4,096. Basi katika muda wa miaka 26, kiwango cha chini cha kumbukumbu kimeongezeka mara 1,024.

Je, jedwali la kuzidisha limeongezeka mara 1,024? Je, insha ya Darasa la Tano imekuwa nzito kiasi hicho? Hatusemi kwamba ongezeko hilo ni la bure. Sehemu yake imeleta ulinzi bora dhidi ya virusi, picha safi, na msaada kwa wanafunzi wenye ulemavu wa macho na wa masikio, mambo ambayo mwalimu hawezi kuyabeza. Tunachosema ni kwamba kasi ya kukua kwa mifumo imepangwa na soko la ulimwengu, na soko hilo halikuuliza mtaala wetu unataka nini. Wajibu wa kuuliza umebaki kwetu.

Nchi yetu ilikwisha kupata somo katika jambo hili. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya gharama kubwa kutumika, hususan katika hesabu za Hazina, bila ya faida iliyotarajiwa kuonekana. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa na hatimaye kuondoka, wala hatuyatamani yarudi. Lakini kiini cha tatizo kilichoyaleta hakijatoweka: mashine ilifika kabla ya wataalamu wa kuitumia, na kabla ya kazi kupimwa vya kutosha. Skuli ya msingi inayopokea kompyuta leo bila ya kujua itaziendesha vipi inarudia hadithi ileile kwa kipimo kidogo.

Tarehe 14 Oktoba 2025

Walimu wanafunzi wa sasa wataingia kazini katika wakati mgumu kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Ilikuwa imekwisha kufanya hivyo kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kumalizika kwa msaada hakuna maana kwamba kompyuta itazimika. Itawaka kama jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba matundu ambayo wezi na virusi huyapitia.

Ugumu ni kwamba kompyuta nyingi zinazotumia Windows 10 haziwezi kupandishwa hadi Windows 11. Zile za Intel zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 kwa kawaida hazimo katika orodha ya prosesa zilizokubaliwa, hata kama kumbukumbu na diski zake zinatosha. Ndizo kompyuta za umri ambao ofisi za Ulaya na Ghuba huziondoa na kuzitoa kwa bei nafuu au kwa sadaka. Kwa hiyo tutegemee mashine nyingi za namna hiyo kuja kwetu. Mwalimu asiyejua kusoma mahitaji atazipokea zote kwa shukrani. Mwalimu mwenye woga atazikataa zote. Tunaona kwamba wote wawili wamekosea.

Zipo njia tatu za kuzitumia kwa usalama. Njia ya kwanza ni kulipia nyongeza ya viraka. Kwa taasisi za elimu Microsoft iliweka bei ya dola 1 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, dola 2 katika wa pili, na dola 4 katika wa tatu, kupitia mikataba yake ya leseni za elimu. Njia hii hununua muda tu. Njia ya pili ni kufunga mfumo huria uliojengwa juu ya Linux. Linux Mint, kwa mfano, hutaka gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa uchache na hupendekeza gigabaiti 4. Katika diski hutaka gigabaiti 20 kwa uchache na hupendekeza 100. Haina ada, na huweza kujaribiwa kutoka katika flashi bila ya kugusa diski ya mashine. Njia ya tatu ni kuiacha mashine na mfumo wake wa zamani, lakini kuitenga: isiunganishwe na intaneti, wala isichomekwe flashi zinazozunguka baina ya chumba cha walimu na maduka ya kuchapisha. Mahali ambapo intaneti haiko, flashi ndiyo njia kuu ya virusi.

Mfano wa somo moja

Maneno matupu hayafundishi. Tuchukue mfano wa kubuni wa skuli ya Unguja yenye Darasa la Tano la wanafunzi 45 na kompyuta 15. Kati ya hizo, 12 ni za biti 64, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na Windows 10, lakini hazikubaliki katika Windows 11. Tatu zilizobaki ni za biti 32, zenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu na Windows XP.

Hatua ya kwanza ni somo. Mwalimu anataka watoto wajue kukusanya takwimu na kuzionyesha kwa grafu ya nguzo. Anawapa kazi ya kuuliza, kwa muda wa siku tano, matenga mangapi ya vibua, changu na dagaa yameshushwa katika diko la Malindi. Watoto wanaandika katika madaftari, kisha wanachora grafu kwa penseli na rula. Hadi hapa hapana kompyuta, na somo limekwisha kusimama kwa miguu yake. Kompyuta inaingia kwa sababu moja inayoelezeka: tarakimu ya siku moja ikibadilika, mtoto aione nguzo ikipanda na kushuka papo hapo, aulize ni kwa nini.

Hatua ya pili ni programu. Kazi hii hufanywa na programu yoyote ya majedwali. Mwalimu analinganisha mbili. Microsoft Office ya sasa hutaka gigabaiti 4 za kumbukumbu katika mashine za biti 64, nafasi ya diski ya gigabaiti 4, na malipo. LibreOffice, programu huria iliyoanza mwaka 2010, hutaka megabaiti 256 kwa uchache na hupendekeza 512, pamoja na nafasi ya diski isiyozidi gigabaiti 1.5, bila ya malipo. Kwa nguzo tatu za samaki, zote mbili hutoa jibu lilelile. Mashine zake 12 zina gigabaiti 4 tu, na mfumo tayari unachukua fungu lake. Anachagua LibreOffice.

Hatua ya tatu ni mfumo. Hapa mwalimu anakuta sharti jingine. LibreOffice toleo la 25.8, lililotoka Agosti 2025, lilikoma kukubali Windows 7 na Windows 8. XP iliachwa zamani zaidi. Kwa hiyo zile mashine tatu hazitalipokea toleo hilo, hata kama kumbukumbu ya gigabaiti 1 ingetosha. Zile 12 zinalipokea, ama katika Windows 10, ama katika Linux Mint, ambayo kwa kawaida hutolewa LibreOffice ikiwa imo ndani.

Hatua ya nne ni mashine. Wanafunzi 45 wanagawanywa katika vikundi 12: vikundi 9 vya wanafunzi wanne, na vikundi 3 vya wanafunzi watatu. Mashine tatu za XP hazitupwi. Zinatengwa kwa somo la sehemu za kompyuta: watoto wafunguliwe kifuniko, umeme ukiwa umechomolewa, waone meza iko wapi na kabati liko wapi. Mashine isiyoweza kufungua programu mpya bado inaweza kufundisha muundo wake.

Mwisho mwalimu anafanya jaribio. Anachagua mashine iliyo dhaifu kuliko zote katika zile 12, anaiwasha, anafungua programu na jedwali la samaki, huku akitazama saa. Ikichukua dakika 9, basi karibu robo ya kipindi cha dakika 40 imekwenda. Atajua kwamba mashine ziwashwe wakati wa mapumziko. Akilifanya jaribio katika mashine iliyo bora kuliko zote, atakuwa amejidanganya, kwani darasa huenda kwa mwendo wa kundi la mwisho.

Tuongeze sharti moja ambalo orodha za watengenezaji hazilitaji: umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kuanzia Mei hadi Juni. Kisha kuanzia tarehe 10 Desemba 2009 hadi Machi 2010, muda wa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeongeza uwezo, lakini katikakatika ya saa moja au mbili haijawa hadithi ya kale. Kompyuta ya mezani huzimika umeme unapokatika, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Kompyuta mpakato yenye betri nzima huendelea. Mwalimu aliyeanza na madaftari na penseli hapotezi somo. Aliyeanza na mashine hupoteza kipindi kizima.

Hoja za wenzetu

Wako wenzetu watakaosema kwamba kuwafundishia watoto wa Unguja kwa mashine kuukuu na programu za bure ni kuwapa elimu ya daraja la pili, na kwamba wakienda mbele watakutana na mifumo mipya wasiyoijua. Hoja hii tunaiheshimu. Uchungu wake ni wa haki, kwani nani asiyetaka mwanawe apate kilicho bora? Lakini tuipime. Mtoto aliyeelewa seli, safu na fomula katika programu moja ya majedwali huhamia nyingine kwa muda mfupi. Mtoto aliyekaa mbele ya mashine mpya iliyofungwa kwa kufuli, au aliyetazama mgongo wa mwenzake kwa sababu kompyuta zinazofanya kazi ni mbili tu, hana cha kuhamisha. Uduni wa elimu tunauona katika muda ambao mtoto hakugusa chochote.

Wengine watasema kwamba Linux haina mafundi mitaani, na kwamba mashine ikiharibika hapana wa kuitengeneza. Hapa wenzetu wana haki zaidi, na mwanachuo asidanganywe. Zipo programu za kielimu zinazokubali Windows tu, na vipo vichapishi visivyotambulika kwa wepesi katika Linux. Mtaala au mtihani ukitaja programu maalumu, mwalimu afuate. Ushauri wetu ni kwamba mashine zisibadilishwe zote kwa siku moja. Ijaribiwe moja kutoka katika flashi, ichapishe, itoe sauti, ifungue kazi za watoto. Kisha zifuate nyingine. Na kabla ya yote skuli iwe na watu wawili, si mmoja, wanaojua kuufunga mfumo upya. Mwalimu akihamishwa peke yake na ujuzi wake, mashine zitarudi ghalani.

Liko pia suala la lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Katika miaka ileile ya 2000 Microsoft nayo iliivika Windows XP maneno ya Kiswahili. Kolibri, programu huria ya masomo inayofanya kazi bila ya intaneti na katika mashine ndogo, nayo ina sura ya Kiswahili. Hata hivyo skuli nyingi huacha mfumo katika Kiingereza kama ulivyokuja, na mtoto wa Darasa la Tatu hulazimika kukariri umbo la maneno asiyoyajua maana. Kwetu sisi, lugha ni mahitaji ya programu kama vile kumbukumbu. Tofauti ni kwamba kumbukumbu inahitajika katika mashine, na lugha inahitajika katika kichwa cha mtumiaji. Mwalimu anapokagua programu aulize: je, mwanafunzi wangu ataisoma? Na ikiwa sura ya Kiswahili ina maneno mageni kwake, ayaandike ubaoni na kuyafundisha kama msamiati mwingine wowote.

Pendekezo letu kwa vyuo

Kwa kuwa kupanga ni kuchagua, tunapendekeza jambo moja lililo dogo na lisilogharimu fedha. Katika mazoezi ya kufundisha, kila andalio la somo linalotaja kompyuta katika sehemu ya zana liwe na mistari minne zaidi. Mstari wa kwanza utaje programu na toleo lake. Wa pili utaje mahitaji yake yanayopendekezwa: prosesa, kumbukumbu, diski, mfumo na lugha. Wa tatu utaje uwezo wa mashine iliyo dhaifu kuliko zote kati ya zile zitakazotumiwa, pamoja na dakika ilizochukua kufungua programu. Wa nne ueleze somo litaendeleaje umeme ukikatika.

Uwezo wa mashine huonekana bila ya fundi. Katika Windows, sehemu ya mipangilio huwa na ukurasa unaoeleza mfumo, na hapo hutajwa prosesa, kiasi cha kumbukumbu, na kama ni biti 32 au 64. Linux Mint nayo ina ukurasa wa namna hiyo. Mwanachuo aliyekwisha kuvisoma vitu hivi mara kumi akiwa chuoni hatatishika navyo atakapofika skuli ya kijijini, Nungwi au Makunduchi, ambako hapana wa kumuuliza.

Manufaa ya mistari hii yatavuka darasa. Mfadhili atakapoandika kwamba anataka kutuma kompyuta thelathini, mwalimu mkuu atakuwa na la kumjibu: tunaomba za biti 64, zenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, kwa sababu masomo yetu ni haya na haya, zilizo chini ya hapo tutapokea tatu kwa somo la muundo wa mashine. Jibu kama hilo halina utovu wa adabu. Mgeni mwema hupenda kujua mwenyeji ana haja ya nini, na shehena isiyofaa, ikishashushwa Malindi, huwa ni mzigo wa skuli kuihifadhi na mzigo wa kisiwa kuizika. Kompyuta iliyokufa ina risasi na madini mengine yenye sumu, na Unguja ni kisiwa chenye ardhi ndogo na visima vya kina kifupi.

Tunawaomba walimu wanafunzi walianze zoezi hili katika muhula huu huu, bila ya kungoja waraka. Chagueni kipindi kimoja mtakachofundisha, andikeni mistari minne, kisha pelekeni andalio lenu mbele ya mashine iliyo dhaifu kuliko zote chuoni. Likishindikana hapo, mtakuwa mmelijua kabla ya watoto 45 kukaa kimya mbele yenu wakisubiri.